Asiye na Mtani

Swali ninalotaka kulichokonoa safari hii, ndugu msomaji, ni hili: mtu akiheshimiwa kwa ajili ya kabila lake, je, ameheshimiwa yeye, au limeheshimiwa kabila na yeye kabebeshwa bango tu?

Siulizi ili nionekane nimesoma. Masomo yangu yaliishia kidato cha nne, mwaka 2017, na vitabu vya falsafa nimevisomea pale Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, siku ambazo sikuwa na kibarua. Swali lenyewe nimetoka nalo shuleni. Shule yetu ilikuwa ya kutwa, ya kulipia, katikati ya jiji la Dar es Salaam, lakini msiifikirie ya kifahari: dawati la watu wawili tulikaa watatu, na ukitaka mlango wa choo unaofungika sharti uende kile cha walimu. Ila kwa watu, shule ile ilikuwa bandari. Darasani kwetu tulikuwa na Mzaramo wa Kisarawe, Wachaga wasiohesabika, Msukuma, Wamakonde, Mhaya mmoja mwenye maringo yake, Mshihiri ambaye mama yake ni Mpare, dada wawili wa Kingazija, kijana wa Kikongo kutoka Bukavu, dada ambaye babu yake alitoka Burundi, na Wahindi wanne. Mkuu wa shule alikuwa akijivunia mchanganyiko huo kila akishika kipaza sauti, na ili wazazi nao wauone kwa macho, kila mwaka tulifanya Siku ya Utamaduni.

Ilikuwa hivi. Meza zilipangwa kuzunguka uwanja wa mstarini, kila meza na kibao chake cha manila: kabila au nchi. Wachaga walileta mtori. Wahaya walileta senene kwenye bakuli la plastiki, wakaziuza kwa bei ya dhahabu. Wasukuma walicheza bugobogobo kwa majembe ya kuazima kwa mtunza bustani, na Wamakonde walicheza sindimba, baada ya mwalimu wa malezi kuipunguza makali. Waarabu walikuwa na halua na kahawa. Wahindi walikuwa na sambusa, bajia, na dada mmoja ndani ya sari. Mshereheshaji alizungumza Kiingereza kitupu tangu mwanzo mpaka mwisho, maana ukutani palikuwa na tangazo la kukataza Kiswahili ndani ya eneo la shule. Yaani utamaduni wetu wote ulinadiwa kwa lugha ambayo haikuwa na meza.

Sikatai, siku yenyewe ilikuwa tamu. Hakuna kipindi, msosi wa kumwaga, na madada wamependeza. Lakini mtazameni mwenzetu mmoja tuliyemwita Fundi, kwa kuwa baba yake alikuwa akitengeneza vyerehani katika kibaraza kimoja cha Kariakoo. Fundi alikuwa Mhindi, dini yake Kihindu. Aliyeteremka jahazini ni babu wa baba yake. Waliofuata wote wamezaliwa Dar. Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo hasa, kile cha kukata kona. Mwaka wa kwanza akaambiwa avae vazi lake. Sasa vazi lake lilikuwa suruali ya jinzi na jezi ya Yanga. Ikabidi mama yake aazime kanzu ya Kihindi kwa jirani, ikamfika Fundi magotini kwa shida. Akasimishwa nyuma ya sambusa ambazo, kama tulivyojua sote, zilikaangwa na mama ntilie wa pale mtaani, mtu wa Kilwa. Mgeni mmoja mwalikwa, mama wa heshima zake, akamwuliza kwa upole mkubwa, "Na nyie kwenu huwa mnasherehekea nini?" Fundi akamjibu, "Yanga ikishinda."

Mama yule alicheka kidogo, kisha akangoja jibu la kweli.

Hapo ndipo pananitatiza. Hakuna aliyemtukana Fundi siku ile. Alipigwa picha, alisifiwa, alishikwa bega. Hata hivyo, chochote alichosema juu yake mwenyewe kilionekana mzaha, kwa sababu waliomzunguka walikuwa na jibu lake tayari, limeandikwa kwenye manila. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunaipenda methali hii tunapomsema mgeni mvivu, lakini ina upande wa pili: kupewa jembe ndiko kuingizwa nyumbani. Asiyepewa jembe hata mwaka wa mia, atandikiwe mkeka mzuri kiasi gani, bado yuko siku ya kwanza. Fundi alikuwa kizazi cha nne cha siku ya kwanza.

Na yule Mshihiri wa mama Mpare? Alizunguka na soda yake kutoka meza hii hadi ile. Meza ya Wapare wakamwambia aende kwa Waarabu, Waarabu wakamwuliza Kiarabu chake kiko wapi. Mwisho mwalimu akampa kazi ya kugonga kengele, na nafikiri ndiye aliyeifurahia siku ile kuliko wote.

Wazee wetu walikuwa na tatizo zito zaidi, tusiwasahau. Enzi za mkoloni shule zilitengwa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, na fedha nazo zikagawanywa kwa mtindo uleule, walio wengi wakipata kidogo. Uhuru ulikuja Desemba 1961, na Januari 1962 utengano huo ukafutwa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaipa serikali nguvu ya kutwaa shule za mashirika na za watu binafsi. Ndiyo maana Tambaza na Zanaki, ambazo leo kila mtu wa Dar anazijua kwa majina hayo, zamani zilikuwa shule za Aga Khan. Vijana wa bweni wakachanganywa makusudi, wa Bukoba akapelekwa Songea, wa Mtwara akapelekwa Tabora. Hata sensa iliacha kuuliza kabila baada ya ile ya 1967. Ilikuwa kazi kubwa, na anayeibeza ajaribu kwanza kutazama nchi ambazo hazikuifanya.

Lakini serikali ina mipaka ya mkono wake. Inaweza kumketisha mtoto wa Upanga na mtoto wa Mbagala dawati moja. Haiwezi kuwaagiza wachekeshane. Nami, kadiri ninavyozidi kulitazama jambo hili, naona kipimo cha umoja wa shule kiko hapohapo: nani anamtania nani, na nani anaruhusiwa kujibu.

Naomba nikae hapa kidogo, maana utani si porojo. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wakipita Uzaramo na mizigo kichwani kuelekea pwani, na njia ile ikazaa utani na Wazaramo. Mtani anaweza kufika msibani akalalamika kwamba jeneza halina vipimo, akaingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Watu waliowahi kuogopana wakatunga namna ya kutukanana bila kuuana! Mimi sijui mkataba wa amani uliotiwa saini mahali popote ambao una akili kuliko huo. Na kanuni yake kuu ni moja: ukirusha, utarushiwa. Utani wa upande mmoja haupo.

Darasani kwetu Mzaramo na Msukuma waliturithisha tamasha la kila siku. Mmoja anaitwa mchunga ng'ombe aliyepotea njia ya mnadani, mwingine anaitwa mcheza mdundiko aliyeuza shamba la mwembe kununua kofia. Sote tunavunjika mbavu. Fundi naye akicheka, lakini wa pembeni. Yeye pia alisemwa, msidhani aliachwa. Alisemwa duka, alisemwa ubahili, aliigiziwa lafudhi ambayo hakuwa nayo. Akitabasamu tu. Ule haukuwa utani, ingawa wote tuliuita hivyo, kwa sababu ngumu moja: Fundi angejibu nini? Mhindi kijana akitoa neno la dhihaka juu ya Mwafrika, hata la kuchekesha namna gani, ataitwa mbaguzi kabla hajafunga mdomo. Tena ukiijua historia niliyoitaja hapo juu huwezi kusema wanaomwita hivyo wanaota. Historia ilimwachia ulimi mzito. Basi akawa mtu wa kurushiwa asiyeweza kurusha. Ijumaa, kipindi cha dini, Wakristo wakienda chumba chao na Waislamu chao, yeye na wenzake wawili walibaki kutunza mabegi. "Mimi," aliniambia siku moja, "ni mlinzi wa dini zote mbili."

Tulipokuwa kidato cha tatu mwalimu wa Kiswahili akaamua tuigize sehemu za Mabepari wa Venisi, ile tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka mwaka 1969. Mnaijua hadithi: Antonio mfanyabiashara anakopa ducati 3,000 kwa Shylock, Myahudi ambaye amekuwa akimtemea mate sokoni, na rehani ni ratili ya nyama ya mwili wake mwenyewe. Klabu nzima, bila hata kura, ikageuka kumtazama Fundi. Shylock si mtu wa riba? Si mgeni mjini kwa watu? Basi mwenyewe huyu hapa. Mwalimu naye akakubali, tena kwa nia njema, akisema itakuwa nafasi ya sote kujifunza uchungu wa kubaguliwa.

Fundi akakataa. Akaomba kuwa Launcelot Gobbo.

Kwa asiyeikumbuka, Gobbo ni mtumishi wa Shylock, mchekeshaji, mlafi, mwenye kubishana na dhamiri yake kama anavyobishana mpiga debe na abiria. Si mtu mkubwa. Mwalimu akashangaa: unapewa nguzo ya mchezo, wewe unataka kijiti? Fundi akaeleza, na maneno yake nayaweka kwa lugha yangu. Shylock anasema maneno mazito kuliko wote, lakini jukwaani hakuna anayezungumza naye. Wanazungumza juu yake, na mwisho wanamlazimisha kubadili dini, mchezo unaendelea kwa muziki. Gobbo anatukana na anatukanwa, anajibiwa. "Nimechoka kusikilizwa," alisema. "Nataka kujibiwa." Shylock akachezwa na Mhaya, tena kwa maringo yaliyofaa sana. Fundi kama Gobbo aliwafanya wapishi watoke jikoni kuja kutazama.

Muhula uliofuata baba yake akafariki ghafla, shinikizo la damu.

Orodha ya rambirambi ikapita dawati kwa dawati, kama ilivyopita kwa kila msiba. Tukaenda watu ishirini na kitu, na sare zetu, mashati meupe. Hatukujua kwamba nyeupe ndiyo rangi yao ya msiba. Tuliona tu tumefanana na watu wa pale. Kwenye ngazi za jengo mzee mmoja akatusimamisha: "Nyie ni akina nani?" Sote tukatazamana, kwani barua ya shule tulikuwa hatuna. Mzaramo wetu akasema, "Shikamoo mzee. Sisi ni wafiwa." Mzee akatutazama mmojammoja, akasogea tukapita. Madada walikaa na akina mama, wakashikwa mikono na watu waliokuwa wakilia kwa Kigujarati. Sisi wavulana tukafuatana na wanaume hadi mahali pa kuchomea. Fundi ndiye mtoto wa kwanza wa kiume, kwa hiyo ndiye aliyewasha moto. Sisi tumezoea kutupa mchanga kaburini, mkono unapata la kufanya. Pale mkono haukuwa na kazi. Nakumbuka nilijishika vidole.

Aliporudi shuleni baada ya wiki mbili alikuwa amenyolewa kipara, kama dini yao inavyomtaka mtoto wa marehemu. Darasa likawa kimya. Pole, pole, pole sana. Mtu akamfutia dawati. Mwingine, aliyekuwa na deni lake la siku nyingi, akalilipa. Alipopita tulimpisha kama anavyopishwa mgeni rasmi. Kwa siku mbili nzima hakuna aliyemwomba hata kalamu. Alikuwa amerudishwa nyuma ya meza ya sambusa, safari hii kibao kimeandikwa MFIWA.

Sasa, shuleni kwetu wavulana wote walitakiwa kunyoa kipara, isipokuwa Wahindi, ambao kwa sababu isiyoelezwa na mtu waliachiwa nywele zao. Siku ya tatu, kabla ya kipindi cha kwanza, Msukuma akamtazama Fundi kwa muda, akasema kwa sauti ya kutosha darasa zima: "Hatimaye serikali imekufikia! Miaka mitatu unaikimbia mashine."

Nyie! Hewa ilikatika. Dada mmoja alijiziba mdomo kwa daftari. Fundi akageuka taratibu. "Mimi," akasema, "nimenyolewa na msiba. Wewe umenyolewa na chawa."

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia tena. Fundi mwenyewe alicheka mpaka akaweka kichwa juu ya dawati, na alipokiinua kilikuwa kilio, na Msukuma alikuwa amekaa ubavuni pake tayari, hasemi kitu.

Mwalimu wa zamu alikuwa dirishani. Akamchukua Msukuma moja kwa moja hadi ofisini, akampa adhabu ya kufagia uwanja wiki nzima kwa kosa la kumdhihaki mfiwa. Fundi akamfuata huko bila kuitwa. Waliokuwa ofisini walitusimulia. "Mwalimu, huyu ni mtani wangu." Mwalimu akamwuliza, "Mhindi na Msukuma wameanza utani lini?" Fundi akajibu, "Leo asubuhi."

Adhabu haikufutwa. Wiki nzima Msukuma alifagia, na Fundi akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akimkosoa namna anavyoshika fagio na kumwuliza kama kwao ng'ombe ndio hufagia.

Nani alikuwa na haki, mwalimu au watani hawa wapya? Tulibishana wiki nzima, hata klabu ya mdahalo ikatamani kulifanya mada. Mimi nilikuwa upande wa Msukuma na niko huko mpaka leo. Aristotle, yule Mgiriki wa kale, katika kitabu chake cha maadili aliuhesabu ucheshi miongoni mwa fadhila, kama ushujaa na ukarimu. Akauweka katikati ya mpuuzi anayechekesha kwa gharama yoyote na mtu mkavu asiyejua kucheka wala kuchekwa. Nilipolisoma hilo maktaba nilitamani nimpelekee mwalimu wetu nakala. Msukuma hakusema neno lile kwa kutoona msiba. Alisema kwa sababu aliuona, akaona pia kwamba heshima yetu imemfungia mwenzetu nje. Ulihitajika mtu wa kuhatarisha jina lake ili amfungulie. Adabu ingekuwa rahisi zaidi, na isingemgharimu chochote.

Hata hivyo mwalimu alikuwa na hoja, na ananilazimisha kuwa mkweli. Alituambia darasani: leo kajibu huyu, kesho mtamfanyia asiyeweza kujibu, mtasema mlikuwa mnatania. Na kweli yupo niliyemfahamu.

Ni yule dada wa Kirundi. Babu yake alikimbia mauaji ya mwaka 1972 akaja Tanzania na familia yake. Mwaka 2014 serikali yetu iliwapa uraia wakimbizi wa mwaka huo zaidi ya 162,000, jambo ambalo nchi chache duniani zimewahi kulifanya kwa wingi huo, na familia yake ilikuwamo. Shuleni aliitwa "mkimbizi". Kwa kuchekesha, lakini. "Mkimbizi, toa kitambulisho!" na vicheko. Naye alicheka. Baada ya mambo ya Fundi nilimwuliza kwa nini harudishi, kwani Fundi si amerudisha? Akanijibu hivi: "Msukuma akiitwa mshamba anarudi nyumbani analala. Mimi neno hilo limewahi kumlaza baba yangu kituoni. Nirudishe nini kinacholingana nalo?"

Nimekaa na jibu hilo miaka. Kuna maneno yenye askari nyuma yake, na kuna maneno yasiyo na mtu nyuma yake. Mchunga ng'ombe, mcheza ngoma, hata chawa, ni maneno yaliyotoka peke yake. Unaweza kuyakamata na kuyarusha. Neno lenye askari ukilirusha halirudi alikotoka mwenye kulitupa, linarudi kwako. Mpakani Kigoma Kiha na Kirundi vinakaribiana mno hata Mha na Mrundi huzungumza wakaelewana, lakini mmoja anaitwa mtu wa Kigoma na mwingine anaombwa kitambulisho. Hapo utani hauwezi kuanza leo asubuhi. Labda utaanza siku ambayo watoto wake wataona neno lile ni la kale tu, kama sisi tunavyoyaona mapanga ya Wangoni.

Tena dada huyu ndiye aliyeipenda kuliko wote Siku ya Utamaduni, niliyoisema vibaya hapo juu na bado naisema. Kaka zake walikuja na ngoma za Kirundi, zile kubwa zinazopigwa na wanaume wakirukaruka, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika mwakahuohuo wa 2014. Uwanja ulitetemeka. Ilikuwa siku pekee kati ya siku zote za shule ambapo jina Burundi lilitamkwa na hakuna aliyeulizwa karatasi. Kwake meza ile ilikuwa mahali pa kusimama, wakati kwa Fundi ilikuwa kamba ya mguuni. Kwa hiyo siwezi kusema meza zichomwe. Ninachokishikilia ni kwamba anayetaka kuisimamia meza aisimamie, na anayetaka kugonga kengele agonge, na shule isijipongeze kwa manila ilizoandika. Hesabu ya makabila inaonyesha tu ni nani wameketi. Ukitaka kujua kama wanaishi pamoja, nenda kasikilize wakati mwalimu hayupo, na usisikilize wanaosema. Sikiliza wanaojibu.

Nimelileta jambo hili kwetu sisi tunaojaribu kuandika, kwa sababu nasi tuna meza zetu. Katika hadithi nyingi nilizosoma, za wakubwa na za wenzangu wa rika letu, Mhindi ana duka. Anatokea ukurasa mmoja, anavunja Kiswahili mara tatu, anakataa kukopesha, haonekani tena. Mkimbizi anatokea na mzigo kichwani, analia, anasaidiwa na mhusika mkuu ili tuone mhusika mkuu ana roho nzuri. Hawana baya walilofanyiwa, ukitazama juujuu. Wengine wameandikwa kwa huruma kubwa. Lakini hakuna hata mmoja anayepewa nafasi ya kumjibu mwandishi.

Mimi nina muswada, naandika kwa mara ya tatu sasa. Ndani yake yumo kijana Mhindi, si Fundi, ingawa nimemwibia Fundi mawili matatu kwa ruhusa yake. Nilimpa rafiki yangu mmoja asome, mtu mwenye jicho kali, ambaye namwamini kuliko wachapaji. Akanirudia kijiweni na malalamiko. "Huyu jamaa," akasema, "mtu hajui kama ni Mhindi mpaka ukurasa wa 30!" Nikamwuliza kwani ilimzuia kumwelewa? Akasema haikumzuia, ila msomaji anahitaji alama mapema. Nikamwambia Kariakoo watu hukutana kila siku bila alama. Akaniambia Kariakoo watu wana macho, kitabuni wana maneno tu, nimpe basi hata lafudhi kidogo. Tukabishana mpaka kahawa ikaisha na muuza kahawa akahama. Muswada bado uko kwake, na ule ukurasa wa 30 ameukunja pembe.